Kichane cha Bikira

Kwa miaka kumi na tisa kazi ya Zoila Apolo katika mji wa ndizi wa Machala ilikuwa moja: kuzidunga ndizi kipimajoto, kisha kufunga mlango wa kontena. Ndizi zikizidi digrii kumi na tatu na nusu, kontena halitoki, hata umpigie magoti. Walimwita Mama Baridi, na wala hakujali.

Safari hii kontena lilikuwa lao wenyewe. Wakulima ishirini na wawili, wamechoka kunyonywa na madalali, walimpata mnunuzi Ulaya, naye akawaambia waziwazi: mzigo wa kwanza ukifika umeiva, asilisikie tena jina lao. Zoila akapima, akafunga, polisi wa kukagua dawa za kulevya wakapiga lakiri mlangoni, lori likaenda bandarini.

Mchana, wakiwa mezani, mama mkwe wake Hermelinda alikuwa anatabasamu peke yake.

"Nimempa Bikira Mtakatifu fungu lake," akasema.

"Fungu gani, Mama?"

"Kichane cha ndizi mbivu. Nilikichomeka kule mwisho kabisa mlipokuwa mnapanga maboksi ya kwanza. Marehemu mume wangu alifanya hivyo kila lori la kwanza la msimu, na hakuna lililopinduka."

Zoila akaweka kijiko chini. Malori ya marehemu yalikuwa wazi, upepo unapita. Hili limefungwa, na ndizi mbivu hutoa pumzi inayoivisha jirani zake, nao huivisha wengine.

"Kwani nimekosea?"

"Kula, Mama, chakula kinapoa."

Akatoka uani, akampigia Wilfrido, mwenyekiti wa wakulima hao, akamweleza.

"Zoila, unanitania."

"Natamani ingekuwa hivyo."

"Tukivunja lakiri, tunarudi foleni ya upekuzi, na meli inaondoka jioni hii. Nani mwingine anajua?"

"Mimi na wewe tu. Mama mwenyewe hajui alichoharibu."

"Basi funga mdomo. Huenda lisitokee lolote."

Akaufunga, Mungu amsamehe. Hata mimi ningeufunga. Kila asubuhi alitazama kwenye simu joto la kontena. Wiki nzima, kumi na tatu na nusu. Siku ya nane, katikati ya bahari, kumi na nne. Siku ya tisa, kumi na tano. Ndizi zikianza kuiva hujipasha joto zenyewe, na mashine ya baridi ya kontena hupoza mpaka ichoke.

Jumapili wakulima wakakusanyika.

"Haya, Mama Baridi, tupe habari njema."

"Kumi na tano."

Wilfrido akainamia viatu vyake.

"Nani kaharibu?" mmoja akauliza.

"Mlango niliufunga mimi," Zoila akasema.

Hermelinda, aliyeketi kando yake, akampapasa mgongo taratibu, akimwambia asijilaumu bure, mzigo uko mikononi mwa Bikira.