Kiti cha Mtoto na Mama Mkwe kutoka Usoke

Jambo hili limenigharimu shilingi elfu hamsini na nane: kiti cha mtoto arobaini, suruali kumi na nane. Nimehesabu mara mbili. Heshima yangu kwa mama mkwe sikuiweka kwenye hesabu.

Binti yetu ametimiza miezi sita, anaanza uji. Mke wangu alitaka kiti cha kulishia, kile chenye meza ndogo kwa mbele. Mimi sinunui kitu kwa kukitazama tu. Sokoni hapa Tabora nilimwambia muuzaji kwamba miguu ya kiti imelegea, kwa hiyo anipunguzie elfu kumi.

"Kaka, hicho hata wewe kinakubeba."

Nikakaa ili nimuumbue. Kiti kikanibeba vizuri, ila nyonga zikakwama.

Muuzaji alikuwa bado ananivuta mikono nilipomsikia mke wangu nyuma yangu: "Mama ameshuka kwenye treni. Nimempitisha hapa aone kiti cha mjukuu wake."

Kwetu Wanyamwezi, mkwe akitokea hukai. Unasimama, unampisha, macho chini. Basi nikasimama kabla sijafikiri, na kiti kikasimama nami. Suruali ikachanika kwa nyuma.

"Shikamoo mama," nikaiambia sakafu.

Akajifunika uso kwa khanga. "Marahaba. Mwanangu, mwambie mwenzio aketi tu."

Atakaa kwetu mwezi mzima, na ndiye atakayemlisha mtoto kwenye kiti hichohicho. Wenye wakwe, nishaurini: kesho asubuhi natokaje chumbani?