Mkalimani Ndani ya Birika

Nilishuka katika mji ule nikiwa nimeshika mpini wa begi. Begi lenyewe liliendelea na safari. Kondakta alilivuta upande wake, mimi nikavuta upande wangu, nyuzi zikasalimu amri, na basi likaondoka kabla sijaamua nipige kelele kwa lugha gani. Nimetembea nchi nyingi na nimejifunza kulalamika kwa lugha za kutosha. Siku ile zote zilinijia kwa pamoja, zikakwama mlangoni.

"Litarudi," alisema muuza vocha aliyekuwa akitazama sinema ile bila kiingilio. "Basi huwa linarudi. Lini, hilo ni la Mungu. We nenda kwa Katikati, ana chumba."

"Katikati ni mahali?"

"Ni mtu. Fundi makochi."

Nilimkuta amepiga magoti mbele ya kochi lililovuliwa nguo zote, likabaki mbao na springi. Misumari midogo ilijaa mdomoni mwake. Alikuwa anazungumza na wateja wawili kwa wakati mmoja, kila mmoja kwa lugha yake, wala hapakudondoka msumari. Wateja walipoondoka aliitema misumari kiganjani, akaupokea mpini wangu, akaugeuzageuza.

"Kazi rahisi hii," alisema. "Niletee tu ule upande uliobaki."

Alinipa chumba nyuma ya karakana. Kitanda kilikuwa mito ya makochi ya watu, kwa hiyo kila mteja aliyekuja kuchukua mali yake aliniacha nimepungukiwa, leo kichwani, kesho miguuni. Nilipokuwa macho nilikaa karakanani kwenye gunia la sponji, nikamsikiliza.

Mama yake alikuwa wa watu hawa, baba yake wa wale. Wote wawili walikuwa wameshatangulia mbele ya haki. Watu wa pande hizo mbili walichangia soko, bomba la maji na kanisa, lakini hawakuchangia mabenchi. Kanisani watu wa baba waliketi kulia, watu wa mama kushoto, na njia iliyopita kati yao ilikuwa pana kuliko barabara ya mjini.

"Nikivunja kikombe kwa akina mama, hiyo ni damu ya baba," alinieleza huku akivuta kitambaa na kukipigilia. "Nikivunja kwa akina baba, damu ya mama. Na vikombe nilivunja vingi, ndugu yangu. Nimekua sijui damu yangu mwenyewe inavunja nini."

Mchungaji alihubiri kwa lugha ya watu wa baba. Miaka ya nyuma alikuja kuchukua kochi, akamsikia fundi huyu akiwapatanisha wateja kwa lugha mbili, akamwita awe mkalimani. Tangu hapo kila Jumapili alisimama kando ya mchungaji, katikati ya njia ile pana, akigeuza sentensi moja baada ya nyingine kwa ajili ya mabenchi ya kushoto. Ndipo alipopata jina lake. Kazi ilimfaa kuliko alivyokuwa tayari kukiri.

"Anayesimama haulizwi anakaa wapi," alisema.

Mkalimani hana neno lake. Mhubiri akisema "mimi", naye husema "mimi", na wote wanajua ni mimi ya nani. Wote, isipokuwa Mama Mkubwa, dada ya mama yake. Siku moja alikuja mhubiri mgeni, mtu mkavu kama biskuti, akatoa ushuhuda: alikuwa mlevi, alilala mitaroni, aliwatelekeza mke na watoto mapacha. Aliyasema kama anayesoma bei za saruji. Katikati akaona aibu kwa dhambi nzito hivyo kusemwa kwa wepesi, akaitia chumvi. Akatetemesha sauti. Kwenye mapacha akalia kabisa. Wakati huohuo Mama Mkubwa aliingia, amechelewa, akaketi nyuma ya nguzo, na kitu cha kwanza alichosikia kwa lugha yake ni mtoto wa marehemu dada yake akiungama.

Kufikia Jumatatu mji ulikuwa na habari.

"Ulevi huo si wa kwetu," walisema watu wa baba. "Ni wa kwa mama yake."

"Kuacha wake hatujafundishwa sisi," walisema watu wa mama. "Ni ya akina baba hayo."

Mama Mkubwa hakubishana na yeyote. Alinunua uzi, akaanza kufuma sweta mbili ndogo. Katikati alikwenda kumweleza.

"Mama Mkubwa, mimi sijaoa hata."

"Ndiyo mbaya zaidi," alijibu. "Nishikie uzi."

Ningecheka zaidi kama nisingeiona hofu yake. Jumapili iliyofuata ilikuwa siku ya kubatizwa kwake. Alikuwa amelikwepa birika la ubatizo muda wote huo, na sababu ilikuwa desturi ya kanisa lile. Kabla ya kumzamisha mtu, mchungaji huuliza, "Huyu ni wa nani?" Watu wake husimama kwenye mabenchi yao, wakajibu, "Ni wetu." Mchungaji humalizia, "Basi ninyi na yeye ni wa Kristo," na maji humaliza mengine.

"Kulia watangoja kushoto wasimame," alisema Katikati. "Kushoto watangoja kulia. Nami nitakuwa majini na kanzu nyeupe, nalowana bure."

"Sasa kwa nini umekubali?"

Alichomoa msumari mdomoni. "Mwezi uliopita mchungaji alisema nyumbani kwa Mungu hakuna mtoto wa jirani. Nikatafsiri. Halafu nikasimama pale kama jogoo aliyemwagiwa maji, sentensi iliyofuata sikuisikia. Nimewaambia watu habari njema miaka yote hiyo, mgeni, nikawa kama mpeleka barua asiyejua kwamba moja ni yake. Basi nikasema, nami niingie. Ila nataka niulizwe mbele yao, na nisikie wanajibuje. Wakinyamaza nitajua."

Jumapili kanisa lilifurika. Dhambi ya mapacha iliwavuta hata wasiosali. Niliketi kiti cha plastiki karibu na mlango, upande usiokuwa wa yeyote. Kulia, mbele, alikaa Baba Mdogo, ndugu ya baba yake, mwenye pikapu, mikono kifuani. Kushoto Mama Mkubwa, sweta mapajani.

Lazima nieleze jambo moja ambalo Katikati alinidokeza kama kichekesho tu. Zamani watu wa kulia walikuwa wakielewa kwanza, wakaitikia amina kwanza, na wa kushoto wakalalamika kwamba wenzao wanatangulia kupokea baraka, wao wanabaki na makombo. Ikaamuliwa mtu yeyote asiitikie wala asisimame mpaka lugha zote mbili zimemaliza. Walilishika agizo hilo kuliko Amri Kumi.

Mchungaji aliingia birikani na mabuti ya mpira, Katikati akamfuata na kanzu yake nyeupe. Mkono mmoja alimshika Katikati kisogoni, wa pili akambana pua kwa leso, tayari kwa kazi. Akauliza kwa sauti ya kutikisa madirisha:

"Huyu ni wa nani?"

Hakusimama mtu.

Baba Mdogo alitazama dari. Mama Mkubwa alitazama sweta. Feni ilizunguka ikilia kama inayomsema mtu. Mchungaji alianza kutokwa na jasho, na macho ya Katikati yakatoka kulia yakaenda kushoto, yakarudi, kisha yakainama majini. Nilitaka kutoka nje.

Halafu uso wake ukabadilika. Ulikuwa uso wa fundi aliyetafuta nyundo karakana nzima, kumbe ameishika. Akanyanyua kidole kutoka majini, vilevile anavyokinyanyua kila Jumapili kuomba zamu yake, na huku pua imebanwa akasema kwa lugha ya mama yake, kwa sauti ya bata:

"Huyu ni wa nani?"

Mabenchi yaliunguruma. Kulia walisimama, kushoto walisimama, kwa mpigo mmoja.

"Ni wetu!" wakasema hawa.

"Ni wetu!" wakasema wale.

Wakatazamana kama watu walioshika begi moja kituoni.

"Hata kama ametelekeza mapacha!" akaongeza Mama Mkubwa, sweta juu.

Hilo Baba Mdogo hakulielewa. "Anasema nini huyu mama? Katikati, anasema nini?"

Katikati alifungua mdomo atafsiri. Mchungaji aliona ibada inageuka baraza, akasema upesi, "Basi ninyi nyote na yeye ni wa Kristo," akamzamisha hukohuko na mdomo wazi.

Aliibuka anakohoa. Kanisa zima lilibaki limesimama, midomo imefungwa, linangoja, maana lugha moja tu ndiyo iliyokuwa imemaliza. Akajifuta uso, akawageukia watu wa kushoto.

"Basi ninyi nyote," alitafsiri, "na mimi." Akasita. Mchungaji hakusema hivyo, na huyu hakuwahi kuongeza neno lake. "Na mimi," akarudia, safari hii akiwatazama wa kulia, kwa lugha yao, "ni wa Kristo."

Amina ile ilitikisa maji.

Alasiri kochi lililokuwa limevuliwa nguo lilikuwa limevaa kitambaa cha kijani, limepakiwa kwenye pikapu. Mwenye kochi aliishi njia ya kwenda kwao Mama Mkubwa, na Mama Mkubwa alikuwa ameamuru kijana aende akaonwe na ukoo. Baba Mdogo aliapa kwamba mwanawe hataenda bila yeye, asije akarudishwa pungufu. Wakampa kazi ya usukani muuza vocha, wakapanda nyuma, wakaketi wote watatu juu ya kochi.

"Mwambie sweta nitazitunza," alisema Mama Mkubwa. "Mke nitamtafuta mwenyewe."

"Anasemaje?"

"Anasema..." Katikati aliona hana misumari mdomoni ya kusingizia, akacheka. Kisha akanirushia funguo za karakana. "Begi likirudi, usilishone mwenyewe! Ningoje!"

Pikapu ikaondoka, kochi limetazama nyuma, kwa hiyo niliwaona kwa muda mrefu: hawa wawili mikono hewani, wanabishana, na yeye katikati yao, kichwa kikienda huku na huku, bado anatafsiri. Wakakata kona. Nikaingia karakanani, nikaketi kwenye gunia la sponji, mpini mkononi.