Paa ya tata Ruiri ilivyopinduliwa na fundi

Wakuu, hamjambo humu ndani.

Naingia na stori yangu mwenyewe, sijatia chumvi. Kama kuna mtu wa Ruiri hapa, apite aone hiyo nyumba ya tata, dada yake mama, halafu arudi anikosoe.

Nikiwa mdogo, mama alikuwa anauza ndizi soko la Gakoromone. Njia yetu ya soko ilipita kwa nyumba moja ya daktari mstaafu. Watu walisema ilijengwa miaka ya sitini.

Paa yake haikuwa kama za watu. Pande mbili zimeinuka, katikati imeshuka, kama ndege anataka kuruka. Ukuta wa mbele ni glasi tupu, na ngazi imening'inia hewani, hujui imeshikwa na nini.

Mimi niliamini hiyo nyumba imetolewa kwa miaka ambayo haijafika.

Nikawa naichora nyuma ya kitabu cha hesabu. Mwalimu alisema hesabu itanishinda, na kweli ikanishinda. Shule niliachia form two, nikaingia mjengo kubeba mawe, baadaye nikawa fundi. Kuchora sikuacha.

Sasa mwaka jana tata akaamua kujenga Ruiri. Kule maji ni shida, na tata alikuwa anayafuata kila asubuhi na mtungi, goti moja likiwa bovu.

Nikamwambia, "Tata, tuweke paa kama ya yule daktari. Mvua yote itashuka katikati, iingie kwa tanki moja."

Akaangalia mchoro wangu muda mrefu.

"Mradi iniletee maji. Hata ukinijengea sufuria nitaingia."

Nyumba yangu ya kwanza, wakuu. Nilikuwa natembea nikicheka peke yangu.

Kuta zilipoisha nikaitwa kazi ya siku tatu Siakago. Paa nikamwachia Baba Kendi, fundi wa mbao, mzee anaheshimika sana. Nikamwachia na karatasi.

Kurudi nikapata mbao zote zimesimama, ncha ikiwa juu katikati. Kama kila nyumba ya Ruiri.

"Baba Kendi, hii ni nini?"

"Kijana, ulichora karatasi ikiwa juu chini. Nimekurekebishia, na sijaambia mtu."

Alisema kwa upole, kama mtu amenifichia aibu. Hata kukasirika nilishindwa. Vijana wake wakaanza kucheka, mmoja akauliza kama milango nayo naiweka kwa dari.

Wakuu, nilikuwa karibu kunyamaza. Mvua ilikuwa inakaribia, na mimi ni nani nimfundishe mzee paa?

Ni tata, aliyekuwa amekuja kuona kazi, alisogea. Akainua mikono yake mbele ya Baba Kendi.

"Ukiwa mtoni na huna kikombe, unakunywa hivi?" Viganja vikaangalia chini. "Ama hivi?" Akavikutanisha vikawa bakuli.

Mzee akaangalia hiyo mikono. Akaangalia paa. Akavua kofia.

"Leteni ngazi," akaambia vijana. "Na nyinyi wacheni kucheka."

Tulifungua mbao siku mbili, tukapiga upya, mimi nikiwa juu pamoja naye. Na niseme ukweli, yeye ndiye aliniambia ule mfereji wa katikati lazima uinamie upande wa tanki, la sivyo maji yatasimama na paa itavuja. Hiyo sikuwa nimechora. Ningemwaibisha tata kwa mvua ya kwanza.

Kwa hivyo siku hizi kila mchoro wangu naandika JUU kwa herufi kubwa. Na siachii fundi karatasi kabla tuketi nayo wawili, kwa sababu kuna yenye mimi naona na kuna yenye yeye anaona.

Nyinyi je, ni nyumba gani ya zamani iliwaanzisha kuota? Tupieni picha hapo chini, na wenye kucheka paa yangu pia karibuni, nimezoea.

Mvua yenyewe ilianza nikiwa Embu. Tata akanipigia simu. Aliishika tu karibu na tanki, nikasikia maji yakiingia.