Niliwafukuza Wabebaji wa Adventina

Ndugu zangu, mwenye kosa ni mimi. Msinitafutie udhuru. Nimeutafuta mwenyewe miaka yote hii na sijaupata.

Nilikuwa muuguzi mkunga. Miaka ile ya themanini nikachaguliwa kurudi masomoni, nijiongezee utabibu, ili niweze kupima na kutibu mwenyewe huku vijijini. Jamani, nilivimba kichwa! Mafunzo ya vitendo nikapangiwa kituo kimoja cha afya upande wa Kihanga.

Mkufunzi wetu alituonya tukachoka: mimba ya kwanza, mtoto ametanguliza makalio, usijaribu, peleka hospitali. Lakini wenzangu walishazalisha mtoto wa namna hiyo yeye akiwasimamia. Mimi nilikuwa nimetazama tu. Na siku ninayoisimulia, kesho yake alikuwa anakuja kunipima.

Mchana huo wakamleta Adventina, mimba yake ya kwanza. Wanaume wa kilimani kwao walimbeba kwa engozi, ile machela yetu ya kusuka, wakipokezana mabega. Nikampapasa tumbo. Kichwa cha mtoto kilikuwa juu, chini ya mbavu. Nilijua palepale!

Kiongozi wao, Mzee Kahigi, alisimama mlangoni, kofia mkononi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Mabega bado yapo. Tumsubiri, au tuendelee naye hospitali?"

Gari hatukuwa nalo, na mafuta miaka ile yalikuwa hadithi. Gari la Adventina lilikuwa mabega yale. Nami nikayafukuza!

"Nendeni mkavune kahawa yenu, mzee. Hapa amefika."

Akayatazama mawingu yaliyokuwa yakijikusanya juu ya kilima. Akanitazama na mimi.

"Haya. Wewe ndiye uliyesoma."

Wakaondoka na engozi tupu. Mvua ikaanza, uchungu ukakolea. Adventina akanishika mkono.

"Nesi, wale baba zangu wapo nje?"

"Wapo," nikamwambia.

Akatulia. Aliniamini, maskini! Huo uongo ndio unaoniamsha hadi leo.

Mwili wa mtoto ukatoka, kichwa kikakwama. Yote niliyosoma yakanitoka. Nikamtuma mhudumu wa kituo akimbie na mvua awaite wale wanaume. Walipofika, mtoto alishafariki, na damu ya mama ilikuwa haikatiki. Wakambeba mbio kuelekea hospitali, mimi nyuma yao na dripu mkononi. Mwanzo nilimsikia akimwita mama yake. Kisha sikumsikia tena. Mzee Kahigi akainua mkono, engozi ikasimama katikati ya barabara.

Laiti ningeishia hapo! Mkufunzi alipouliza kulikoni, nikajibu, "Walimchelewesha nyumbani." Nikafaulu masomo. Maneno yangu yakapanda hadi kilimani kwao, watu wakawanyooshea vidole wale wanaume. Mume wa Adventina, ambaye siku ile hakuwepo, akaacha kumsalimia Mzee Kahigi. Mzee hakujitetea.

Nikaajiriwa kituo kilekile. Kila walipoleta mgonjwa, hata wa homa tu, hawakuondoka. Niliwaambia waende, wakakaa chini ya paa wakinitazama mlangoni. Hakuna aliyenitukana. Heri wangenitukana!

Sasa binti yangu ameolewa kilima kilekile, na ana mimba yake ya kwanza. Engozi inatunzwa kwa Mzee Kahigi. Nilipompapasa binti tumbo juzi, nikakuta kichwa kiko juu. Nikampapasa tena, kichwa palepale.

Jana nilikwenda kwa mzee. Nikapiga magoti pale migombani nikasema yote: kwamba niliwafukuza kwa kutaka sifa, kwamba niliwasingizia. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Tulijua, mwanangu. Mhudumu alitueleza njiani siku ileile, kwamba ulijua na ukataka kujaribu mwenyewe. Tulikuwa tunakusubiri wewe useme."

Kisha nikamwambia kuhusu binti yangu, na kichwa kilicho juu.

"Binti yako tutambeba," akasema. "Lakini kwanza nenda kwa mume wa Adventina. Kamwambie kama ulivyoniambia mimi."

Leo jioni nakwenda. Sijui atanipokeaje, na naogopa kuliko nilivyowahi kuogopa mtihani wowote.

Ninyi mnaosomea kazi hii, wagonjwa si ngazi ya kupandia. Ulichoonywa usijaribu, usijaribu! Na siku mgonjwa akikuuliza kama watu wake wapo nje, hakikisha wapo.