Maji ya Kichwani mwa Radjabu

Watu wa mtaa wetu wa Jabe wakiniuliza, "Mwanasiti, kwa nini ulimufukuza Pascaline?" huwa nawaambia alikuwa na kiburi. Ni uongo, na nimeuchoka. Nimewauliza wanawake wa Uvira wanaoleta ndagala, wale samaki wadogo wa ziwani, sokoni, hakuna anayejua aliko.

Alifika kwetu mwaka sitini na nne, vita vilipowakimbiza watu wa Uvira. Alikuwa na miaka kumi na saba, rozari shingoni, na mjini hapa hakuwa na ndugu. Mume wangu Massoudi, fundi wa magari, ndiye aliyemleta. Mimi nilikuwa na mimba changa, natapika kutwa, nikasema haya, akae, atanisaidia mtoto akija. Lakini Mkristo ndani ya nyumba yetu? Nilimpa masharti mpaka nikaishiwa pumzi: nguruwe asimtaje hata kwa jina, rozari aitundike chumbani kwake, misa aende lakini arudi mapema. Yote akaitikia, "Ndiyo, Mama." Nikazidi kukasirika, maana mtu asiyebisha huwezi kumjua.

Nilimpenda mwezi wa Ramadhani. Sisi tumefunga, nani ataonja chumvi ya futari? Pascaline. Alionja, akafikiri, akaongeza kidogo, na Massoudi akasema hajawahi kula mchuzi kama ule. Nikamtania: "We hatukusilimishi kamwe, utatuharibia mchuzi." Akacheka mpaka akakaa chini.

Baada ya Idi malaria ikamwangusha. Siku tatu hakumjua mtu. Nilimuuguza mwenyewe na tumbo langu lile kubwa, maana nani mwingine angemuuguza? Akapona, na mwezi uliofuata Radjabu akazaliwa.

Tangu siku ya arobaini yule mtoto aliishi mgongoni mwa Pascaline. Alipofika miezi saba, mchana mmoja, homa ikampanda. Akakakamaa, macho yakageuka meupe. Massoudi alikuwa gereji. Nilimwachia Pascaline mtoto, nikatoka mbio pekupeku kumwita mwalimu wa chuo cha Kurani aje amsomee. Tuliporudi, Radjabu alikuwa amelegea, anapumua vizuri, nywele zimelowa. Nikajua amempoza homa kwa maji. Mwalimu akasoma, tukamshukuru Mungu. Mwaka mzima nikawa natangaza sokoni kwamba binti yangu ana akili, maji yake ndiyo yaliyomrudisha mwanangu. Massoudi akamnunulia kitenge. Kila nilipomsifu, aliinamisha kichwa. Mimi nikadhani ni haya.

Jumapili moja, Radjabu ameshaanza kutembea, nikamkuta Pascaline anamvalisha shati jipya.

"Munaenda wapi?"

"Mama, niruhusu nimupeleke misa. Mara moja tu."

"Misa? Mutoto ya Massoudi?"

Akakaa kwenye mkeka, machozi yakaanza kumtoka. "Ile siku ya homa, we ulienda kuita mwalimu. Niliona mutoto anakufa mu mikono yangu. Kwetu, kama padiri hayuko na kifo kiko karibu, mutu yeyote anaweza kubatiza. Nilimumwangia maji ku kichwa, nikamupa jina. Nilimubatiza, Mama. Siwezi kunyamaza tena."

"Jina gani?"

"Léonce. Jina ya kaka yangu, ule alikufa Uvira."

Damu ilinipanda. Nilimnyang'anya mtoto, nikamwosha kichwa kwa sabuni mara tatu, mtoto analia, mimi natukana. Nilimwita Pascaline mwizi. Nilimwita nyoka. Na niliogopa, sikatai. Niliogopa siku moja watu wa kanisa watakuja kumdai mwanangu, niliogopa Massoudi ataniuliza nilimwacha mtoto na nani.

"Toka kwangu leo," nikamwambia.

Alifunga vitu vyake ndani ya kile kitenge. Mlangoni akageuka. Hasira hakuwa nayo hata kidogo.

"Mama, kama mi ndiye ningekuwa nakufa, we ungefanya nini?"

Nikafunga mlango, na Radjabu akaanza kuupiga kwa viganja, anaita, "Pasi, Pasi."

Jibu nilikuwa nalo. Ile malaria yake, siku ya tatu, nilipoona pumzi zinakatika, niliinama sikioni mwake nikamtamkia shahada yetu ya Kiislamu, neno kwa neno, nambembeleza: sema, mwanangu, sema na mi. Nilikuwa nampenda, sikutaka aende bila hiyo. Midomo yake ikatikisika. Alipopona sikumwambia kitu, na Jumapili nikamwacha aende misa yake kama kawaida.

Alikuwa bado yuko nje, nasikia nyayo zake kwenye changarawe. Ningeweza kufungua nikamwambia kwamba ningefanya vilevile, kwamba nimeshafanya. Nikamchukua Radjabu, nikaenda kumwosha kichwa mara ya nne.