Nilimwandika Mama Mkononi

Kosa ni langu, simsingizii mtu. Naandika polepole kwa sababu shule yangu iliishia darasa la saba, na kwa sababu mkono ninaoandikia ndio wenye kosa lenyewe.

Nasukuma mkokoteni hapa Tunduma. Tangu utoto nina aibu; mtu akinisalimia mbele za watu, natazama viatu. Mama alinilea peke yake kwa kuuza maharage sokoni, lakini sijawahi kumwambia kwamba nampenda. Nikaona dawa ni kuchorwa tatuu: MAMA NAKUPENDA. Mkono useme, mimi ninyamaze.

Malori yakikwama kwenye foleni ya mpakani siku tatu nne, matingo, wale wasaidizi wa madereva, hukosa kazi. Mmoja wao alikuwa akichora watu chini ya tela, kwa sindano ya kushonea aliyoifunga kwenye njiti, na masizi yaliyochanganywa na shampuu. Nilikuwa wa nne. Sindano ilikuwa ile ile. Akimaliza mtu anaifuta kwenye suruali.

Nilitaka kumwuliza kama hana nyingine. Aibu ikanibana.

"Vipi dogo, unaogopa sindano?"

"Hapana."

"Basi leta mkono. Bi mkubwa akiona hii, atalia."

Wale watatu waliokwisha kuchorwa wakacheka. Nikaleta mkono.

Ulivimba, ukatoa usaha wiki nzima. Nikawa navaa sweta juani, ili mama asione jinsi ninavyompenda.

Mwezi haujaisha, mama akalazwa afanyiwe upasuaji wa uvimbe tumboni. Tukaambiwa ndugu watoe damu. Siku hiyo sikuona aibu, nikawa wa kwanza kukaa kwenye kiti. Nesi akakunja mkono wa sweta, akasoma.

"Umechorwa lini?"

"Mwezi huu."

"Kwa sindano mpya?"

Nikatazama viatu.

"Mdogo wangu, homa ya ini na virusi vya UKIMWI vinapita hapo hapo, na vikiwa bado vichanga kipimo kinaweza kisivione. Damu yako siwezi kuichukua."

"Lakini ni ya mama. Si umesoma?"

"Nimesoma. Mama wa mkononi hana shida ya damu. Mwenye shida yuko wodini."

Ikabidi aitwe kaka yangu kutoka vijijini Nakonde, ng'ambo ya mpaka. Huyo alikuwa hajafika nyumbani miaka miwili, na mimi ndiye niliyekuwa nikimsema kila siku kwamba hampendi mama. Upasuaji ukasogezwa hadi kesho yake, na usiku kucha mama aliugulia kwa maumivu. Kaka alishuka kwenye bodaboda akiwa vumbi tupu, akavua shati, akanyoosha mkono. Haukuwa umeandikwa kitu.

Mama alipopata nafuu aliuona wangu. Akasoma herufi moja moja.

"Si ungeniambia tu, mwanangu?"

Akalia. Utingo hakukosea.

Nimepimwa mara moja, hakikuonekana kitu. Nimeambiwa nirudi baada ya miezi mitatu. Mpaka sasa nikipata homa kidogo tu, silali.

Wewe unayetaka kuchorwa, sikukatazi. Ila sindano ikija mbele yako, uliza, hata wakikucheka. Wale watatu walinicheka dakika moja, foleni ikasogea, wakapanda malori yao. Majina yao siyajui. Damu zao huenda ninazo.