Maboksi Sita ya Daktari Hagiwara

Ukutani mwa depo yetu ya mizigo hapa Shizuoka kuna ubao mweupe wenye majina ya madereva kumi na wanne. Mbele ya kila jina imeandikwa miaka na siku ambazo dereva huyo amefikisha mizigo bila kuharibu kitu. Kila asubuhi, kabla magari hayajatoka, mkuu wa depo Bwana Oishi hufuta tarakimu za jana na kuandika za leo, taratibu, kwa mkono wa mtu anayepaka rangi hekalu. Sisi tunasimama mstari na kumtazama.

Jina la kwanza ni la Mochizuki Kanji. Alhamisi ya kisa hiki ubao ulisema: miaka ishirini na minne, siku mia tatu sitini na moja. Zilikuwa zimebaki siku nne atimize ishirini na tano, na hakuna dereva wa mkoa huu aliyewahi kufika hapo. Akifika, mkurugenzi angekuja kwa treni kutoka makao makuu kumvika beji ya dhahabu mbele yetu sote, na mkewe, Bi. Fumiko, alikuwa amealikwa.

Nisiwafiche, Mzee Mochizuki aliihitaji beji hiyo. Ni mtu mfupi, kimya, ambaye hajawahi kushinda chochote, hata bahati nasibu ya mtaani inayogawa sabuni. Alichonacho ni uangalifu. Tikitimaji hulifunga mkanda wa kiti. Akikaribia tuta barabarani hupunguza mwendo na kusema kwa upole, "Samahani, kuna tuta." Siku moja nilikuwa naye garini nikamuuliza:

"Mzee, unaongea na mizigo?"

"Siongei nayo," alisema, akionekana kuudhika kidogo. "Naiarifu."

Mzigo wa Alhamisi ulikuwa katoni moja ya Daktari Hagiwara, daktari wa meno anayeishi juu ya mteremko wa mashamba ya chai. Ndani yake mlikuwa na maboksi sita ya modeli za treni za mvuke, zile za kuunganisha mwenyewe kwa gundi, zilizotengenezwa miaka hamsini iliyopita na kiwanda ambacho sasa kimekufa. Katika mji huu nusu ya watu wana shangazi au mjomba aliyefanya kazi kwenye viwanda vya modeli, na watoto huingia shule vidole vikinuka gundi. Mochizuki ni mmoja wa wachache ambao hawajawahi kuunganisha hata gurudumu. Anasema vitu vidogo vinamtia hofu.

Gari halipiti kwenye kichochoro cha kwa Daktari, kwa hiyo alipakia katoni kwenye toroli na kuanza kupanda. Katikati ya mteremko akakutana na Mwalimu Shirai, bibi wa miaka themanini na minane, aliyemfundisha darasa la pili. Mwalimu akainama kumsalimu.

Huyu Mwalimu ndiye aliyewafundisha watoto wa mtaa mzima kwamba ukimwinamia mtu huku umeshika kitu, hujamsalimu. Mochizuki akaliegesha toroli, akaliachia, akanyoosha mikono mapajani na kuinama. Mwalimu akarudisha. Mochizuki akainama chini zaidi, kama inavyompasa mwanafunzi. Mwalimu hakukubali kuzidiwa na mtoto wa darasa la pili, naye akashuka tena. Walipoinama mara ya tatu toroli likaondoka, na kwa kuwa wote wawili walikuwa wakitazama lami, hakuna aliyeliona.

Waliinuka waliposikia kishindo. Lilikuwa limegonga ukuta wa shamba la chai, mita arobaini chini, na katoni ilikuwa imeruka ikatua kwa pembe.

"Kanji!" Mwalimu alipaza sauti. "Umesimama nini? Kimbia!"

"Ndiyo, Mwalimu!" alisema, na naapa sikuitunga hii, akainama kidogo kwanza, ndipo akakimbia.

Aliiokota katoni akaitikisa. Kachakacha. Akaitikisa tena. Kachakacha. Akaipandisha mlima kifuani, ameikumbatia kama mtoto mgonjwa, akabisha kwa Daktari.

"Daktari, nimekuharibia mali yako," alisema, kichwa kikikaribia magoti. "Nimevunja vyote. Sikiliza."

"Acha kutikisa, bwana wee!"

"Vimevunjika, sivyo?"

"Kila boksi lina vipande mia mbili na arobaini, havijaunganishwa. Ulitaka vilie vipi? Vingekaa kimya ndipo ningeogopa."

Mochizuki akapumua. Daktari akavaa glavu nyeupe, akafungua katoni na kutoa maboksi moja moja, kila moja limefungwa nailoni yake ya tangu kiwandani. La kwanza zima. La pili zima. La tatu likamfanya akae chini.

"Kona," alisema kwa ile sauti anayotumia jino likiwa haliokoleki.

Pembe moja ilikuwa imebonyea, kiasi cha ukucha wa kidole kidogo. Boksi la nne pia.

"Kona tu, Daktari?"

"Kona tu? Unasema kona tu? Maboksi haya yamekaa miaka hamsini bila kuguswa! Angalia mchoro huu, angalia moshi ulivyochorwa! Sasa moshi una kovu."

"Lakini treni zenyewe, humo ndani, ni nzima?"

"Sijui."

"Si tufungue tuone?"

Daktari alimtazama kama aliyeambiwa amng'oe mama yake meno. "Sijawahi kufungua hata boksi moja, na ninayo mia tatu. Sikuyanunua ili nijue kilichomo."

"Basi nitaandika ripoti leo hii. Kampuni itakulipa."

"Usithubutu! Ukiandika ripoti watanitumia mtu wa bima, mtu wa bima atakuja na wembe, atapasua nailoni ahesabu vipande. Kona mbili nitazililia mwenyewe. Lete karatasi yako."

Akagonga mhuri wake chini ya maneno "Umepokelewa katika hali nzuri," akafunga mlango.

Kwa hiyo Mochizuki alishuka mlima na karatasi mfukoni inayosema kwamba hakuna kilichotokea. Angeweza kunyamaza. Mwenye mali mwenyewe alikuwa amemwomba anyamaze. Lakini alifika depo akaenda moja kwa moja kwenye meza ya Bwana Oishi na kueleza yote, mpaka idadi ya kuinama. Mimi nilikuwa napanga katoni hatua tatu kutoka pale, nikasikia kila neno.

Bwana Oishi aligeuza karatasi mbele na nyuma. "Mhuri upo. Mteja hana malalamiko. Kaka, hapa hakuna ajali. Kuna toroli lililotangulia."

"Liligonga ukuta."

"Ukuta umelalamika?"

"Hapana."

"Basi. Siku nne, kaka! Mkurugenzi ameshakata tiketi. Fumiko ameshapekua soko zima akitafuta mkanda wa kimono. Unataka nimwambie nini?"

Nilitaka kupiga kelele. Hivi ndivyo tulivyo: tunaipenda namba safi kiasi cha kuilinda isikaribiwe na ukweli, halafu tunaisimamia mstari asubuhi na kuiita heshima ya kazi. Mtu ametoa robo karne ya maisha yake kuwa mkweli, na zawadi tunayomwandalia ni uongo wenye pini ya dhahabu. Lakini niliendelea kupanga katoni.

Mochizuki alikaa mbele ya kikombe cha chai mpaka kikapoa. Kisha akaomba fomu.

Fomu ya ajali ina sehemu ya sababu, na chini yake vijisanduku vya kuweka alama: mwendo kasi, usingizi, mvua, simu, mengineyo. Aliweka alama kwenye mengineyo, na kwenye mstari akaandika kwa herufi nzuri: "Heshima." Penye hali ya kilichomo aliandika: "Haijulikani. Mwenye mali hataki mzigo ufunguliwe, na haki ni yake. Kona mbili zilizobonyea nimeziona kwa macho yangu."

"Nitaipelekaje hii?" Bwana Oishi alishika kichwa. "Sababu, heshima? Wataandika waraka wa kuipiga marufuku!"

Simu ikalia. Alikuwa Mwalimu Shirai. Bwana Oishi alisimama kuisikiliza, akainamia simu mara mbili, akakata.

"Anasema aliyeanza ni yeye. Anataka iandikwe."

Mochizuki akaiandika. Halafu akaenda ubaoni, akachukua kifutio, akafuta miaka yake ishirini na minne kwa mkono wake, na mahali pake akaweka sifuri. Alipompigia mkewe, Bi. Fumiko aliuliza swali moja tu: "Wewe uliinama chini kumzidi, lakini?"

Makao makuu walimpigia Daktari Hagiwara wakitaka kukagua mzigo. Akajibu kwamba hamjui Mochizuki, hajui modeli ni kitu gani, na treni hupanda kwa nadra. Safari ya mkurugenzi ikafutwa.

Tulidhani yameishia hapo. Ijumaa asubuhi, mbele ya mstari, dereva Nagai, mwenye miaka kumi na mmoja safi ubaoni, akainua mkono akaomba fomu. Kilikuwa kioo, alichokipasua mwezi wa nne. Mteja alikuwa bibi asiyeona vizuri. Baada ya chakula cha mchana dereva mwingine, Kurebayashi, akaomba yake. Wa tatu nilikuwa mimi. Ilikuwa saa ya ukutani, niliyoivunja nikaigundisha ndani ya gari, kisha nikasimama nje ya mlango wa mteja nikitabasamu. Kufikia Jumanne fomu zilikuwa kumi na tatu, na ubao ulijaa sifuri. Ikadhihirika kwamba kwa miaka yote ile palikuwa na namba moja tu ya kweli pale ukutani, nayo ndiyo ya kwanza tuliyoipoteza.

Jumatano akaja mkaguzi, kijana wa suti na daftari, kutaka kujua imekuwaje depo iliyosifika kuliko zote ikawa ya wavunjaji ndani ya wiki moja. Bwana Oishi, ambaye hakuwa amelala vizuri siku kadhaa, alimwonyesha Mochizuki kwa kidole, pale uani alipokuwa akipakia.

"Muulize yule. Yeye ndiye aliyetuambukiza."

Mkaguzi akamfuata, akafungua daftari, akaanza kujitambulisha kwa kirefu. Mochizuki alimsikiliza mpaka mwisho, akamwambia ana mizigo thelathini na mmoja ya kufikisha kabla ya saa sita, na kama maswali ni mengi, apande mbele, akae na yai la mbuni la watu magotini, asilitikise.